Mbuzi wa Mchezo wa Harusi

Jumapili moja ya mwaka 2001, saa tisa mchana, watu walijaa hadi madirishani katika ukumbi wa parokia moja ya Mususa, mjini Butembo, kutazama mchezo wa Troupe Shalom. Wote walitazama jukwaa. Zorobabel Kahongya peke yake aliwatazama watazamaji.

Si kwamba hakupenda sanaa. Aliiheshimu kama seremala anavyoiheshimu kazi ya seremala mwenzake. Yeye pia aliishi kwa kuwaaminisha watu mambo yasiyokuwapo. Tofauti ni kwamba mchezo wake ulipoisha hakuna aliyempigia makofi, na kwa kawaida yeye alikuwa keshavuka mto. Huko Kirumba aliwauzia wakulima mbegu za kahawa inayozaa kwa miezi mitatu. Miezi mitatu ilipotimia, akaanza kuipenda sana barabara ya kaskazini. Ndivyo alivyofika Butembo, akiwa na koti la ngozi, mkoba wenye kufuli la namba, na kalamu tatu katika mfuko wa shati, ambazo moja tu iliandika.

Jukwaani aliimba Élise Kasika. Alicheza msichana anayemwacha mchumba wake na kupanda ndege kwenda Ulaya, na alicheza vizuri mno, kama mtu aliyekwisha kufunga sanduku. Pembeni, Luc Maliro, aliyeutunga mchezo, alipiga gitaa bila kuinua uso. Siku za kazi Luc alichora vibao vya maduka. Jumapili alikuwa mtunzi. Na siku zote saba alikuwa mchumba wa Élise, mwaka wa nne sasa.

Benchi la mbele, Stanislas Vagheni, mwuza chumvi, majembe na vitenge, alikuwa analia. Mtu huyu, vita vilipoikata barabara, alipandisha bei ya chumvi mara tatu ndani ya juma moja na jicho lake likabaki kavu. Zorobabel aliyaona machozi hayo, akajisogeza.

Mlangoni, baada ya mchezo, Stanislas alikuwa akimlalamikia mama Jokébed, mwuza mafuta ya mawese.

"Unaona, mama Jokébed? Hata mu mchezo, batu banapata visa. Mi nilienda kuiomba ku ambassade ya Kampala mara tatu. Mara tatu bananiambia: wewe ni commerçant, ukienda hautarudi. Mais ule kijana wa kupiga ngoma, mwenye hana hata kiatu, alipita na orchestre yake, njo iko Bruxelles mpaka leo."

"Basi jifunze ngoma, papa Stani."

"Na hii tumbo?"

"Ngoma si uko nayo tayari?"

Kuna watu wanaosikia Mungu akiwaita katika mlio wa kengele. Zorobabel aliusikia wito wake katika neno visa, akarudi alikolala huku akitembea polepole, kama mtu aliyebeba mayai.

Baada ya siku tatu Mususa ilikuwa na ofisi mpya, chumba kimoja chenye meza na viti viwili, na juu ya mlango kibao kilichoandikwa BUREAU CULTUREL, TOURNÉES EUROPE, yaani ofisi ya utamaduni na ziara za Ulaya. Kilichorwa na Luc, kwa herufi za bluu zenye kivuli. Luc hakuuliza maswali. Alihitaji kazi.

Na hapa inafaa kusema kwa nini, maana jambo lote limesimama hapo. Baba yake Élise alikuwa amekufa. Aliyebaki na sauti juu yake ni baba yake mdogo, mzee Phinées wa Beni, na mzee Phinées alitaka mahari ya mbuzi kumi na wawili, kama mababu walivyotaka. Kabla ya vita hilo lilikuwa jambo la misimu miwili ya maharage. Lakini sasa kila jeshi lililopita lilikuwa linapigania uhuru wa wananchi, na uhuru ulionekana kuhitaji nyama nyingi. Luc aliwahi kuwa na mbuzi wanne kwa mama yake, huko Kasugho. Walikombolewa kwa siku moja. Tangu hapo mbuzi wa Kivu ya Kaskazini alikuwa na bei ya ng'ombe na woga wa mkimbizi, na Luc alikuwa anachora vibao.

Zorobabel aliingia dukani kwa Stanislas saa ambayo hakukuwa na wateja.

"Patron, mi sitaki kununua kitu. Nimekuja kukuambia neno moja, njo naenda. Bruxelles kunakuwa festival ya amani. Banatafuta artistes ba kutoka ku vita."

"Na ba kutoka ku amani?"

"Bale banajaa kule, hakuna mwenye anabaangalia tena. Donc. Troupe Shalom imechaguliwa. Batu kumi. Mais Troupe Shalom iko na batu batatu tu benye kuwa na carte d'identité. Unaanza kunisikia?"

Stanislas alianza kumsikia. Akafunga nusu ya mlango.

"Mi niko na kilo mia moja na kumi," alisema.

"Bazungu banapenda artiste mwenye kuonekana."

"Sijui kuimba."

"Mu kanisa unafanya nini?"

"Nafungua mudomo."

"Hiyo inatosha. Mais, patron, usiambie mutu. Nafasi iko moja."

Kinshasa wana jina la watu wa namna hii, wanaojificha ndani ya kundi la wanamuziki ili wavuke bahari: wanawaita ngulu, yaani nguruwe. Butembo ni mji wa dini na adabu, kwa hiyo Zorobabel aliwaita "wasanii washiriki." Kila mmoja alitoa mchango wake kwa dolari za kichwa kikubwa, zile noti mpya zisizokataliwa, na kila mmoja aliapishwa kwamba nafasi ni moja. Siku ya mazoezi ya kwanza, wasanii washiriki saba wakakutana uso kwa uso katika ukumbi wa parokia.

Kila mmoja alijifanya amekuja kusali.

"Papa Stani, hata wewe?" aliuliza mama Jokébed.

"Mi nilipendaga théâtre tangu utoto," alisema Stanislas.

"Hata mimi. Kwetu tulikuwa tunalia sana na théâtre."

Wote saba walithibitisha kwamba kwao théâtre ilikuwa ugonjwa wa ukoo. Zorobabel, aliyesimama mlangoni tayari kukimbia, akaingia na kukaa.

Aliona kwamba lazima wajifunze kitu, kwa sababu mtu aliyetoka jasho haulizi maswali. Akamwajiri Élise awafundishe na Luc awaandikie. Luc, mwenye akili, aliandika jambo ambalo wafanyabiashara wale walilijua tayari: ndoa ya kwetu, tangu posa hadi mbuzi kukabidhiwa. Élise bibi harusi, Luc bwana harusi, mama Jokébed shangazi, Stanislas baba wa binti. Kwa upande wa bwana harusi palihitajika msemaji, yule mtu anayesimama mbele ya wakwe na kusema maneno yote ya maana wakati kijana mwenyewe amenyamaza. Zorobabel alijitwalia nafasi hiyo bila kuombwa. Hangeweza kukaa mahali penye maneno mengi akawaachia wengine.

Mazoezi yalikuwa na taabu moja. Stanislas hakukubali kumaliza.

"Papa Stani," alisema Luc, "mu texte baba anakubali mbuzi kumi na mbili."

"Mais huyu binti ni muzuri. Anaimba. Anajua kusoma. Nitamuachilia kwa bei ya kiwanda?"

"Ni mchezo, papa Stani."

"Njo maana nakuachia na kumi na tano."

Élise alicheka hadi akaketi chini. Na Zorobabel, aliyekuwa akimtazama akicheka, alihisi kitu kikimgonga kifuani. Alifikiri ni njaa. Akala. Hakikuondoka.

Siku ya kuondoka walipanda lori juu ya magunia ya vitunguu, wakaelekea Beni, ambako kulikuwa na uwanja wa ndege. Mpango wa Zorobabel ulikuwa rahisi: kuwalaza hotelini Beni, kusema anakwenda kuwahimiza wenye ndege, na kuuvuka mpaka wa Kasindi kwenda Uganda akiwa na mkoba wake. Njiani, kwenye kizuizi cha askari, kamba ilishushwa hadi usawa wa tairi.

"Bino banani?" aliuliza askari, kwa Kilingala cha mtu aliyeamka vibaya.

"Artistes, chef," alisema Zorobabel.

Askari aliwatazama wafanyabiashara saba wa makamo. Akamnyoshea bunduki Stanislas, si kwa ubaya, ila kama mwalimu anavyonyosha fimbo.

"Artiste? Bina."

Hata asiyejua Kilingala angeelewa kwamba anaambiwa acheze. Stanislas alishuka. Alisimama katikati ya barabara. Élise, juu ya magunia, akaanza kuimba wimbo wa kuwapokea wakwe, na Luc akashika gitaa. Stanislas akafumba macho. Kilo mia moja na kumi ziliinuka, zikashuka, zikazunguka. Mabega yakakumbuka jambo ambalo duka lilikuwa limeyasahaulisha kwa miaka thelathini. Askari wa pili alikuja, wa tatu akaweka bunduki chini apige makofi. Kamba ikashuka hadi ardhini. Walipita bila kutoa hata mche wa sabuni.

Lori lilikwenda kilomita nyingi. Kisha Stanislas, akijifuta shingo, alisema kwa sauti ya mtu aliyeokoka, "Mama Jokébed, banaonaga mi ni artiste."

Wasomaji wanaocheka, na wacheke. Lakini tangu siku hiyo Zorobabel alikuwa na tatizo ambalo hakuna tapeli aliyewahi kulipata: watu wake walikuwa wameanza kuamini zaidi ya alivyowadanganya.

Beni, ndege ilikuwa ya kesho, na kila kesho ilikuwa na kesho yake. Zorobabel angeweza kuondoka siku ya kwanza. Akakaa ya pili, na ya tatu. Siku ya nne, mchana, alimkuta Élise uani mwa hoteli akianika nguo, akaweka mkoba wake chini, akafanya jambo ambalo hakulifanya tangu komunyo ya kwanza. Alisema kweli.

"Élise, hakuna festival."

Aliendelea kuanika. "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Nilikuwa nashuku. Sasa njo najua. Na ndege?"

"Hakuna ndege. Mais iko hii." Aligusa mkoba kwa kidole cha mguu. "Mi na wewe tunatoka Kasindi, tunafika Kampala, tunafika Nairobi. Kule kuna hoteli kubwa, kila hoteli iko na orchestre, kila orchestre inatafuta sauti. Nakuambia ukweli: Ulaya siwezi kukuahidi. Mais Nairobi, ndiyo. Utaimba mu micro, na taa, na bantu bamekaa ku viti. Hapa utaimba nini? Utaimba mbele ya askari, papa Stani akiruka."

"Na Luc?"

"Luc ni kijana muzuri. Mi sisemi mubaya juu yake. Mais Luc atatoa mbuzi kumi na mbili siku gani? Hesabu vita. Utakuwa na mvi."

Élise alibana nguo ya mwisho kwenye kamba. Ningependa kuandika kwamba alikataa hapo hapo, kwa heshima ya mapenzi. Hakukataa. Alikuwa na miaka ishirini na nne, na alikuwa akiuimba ule wimbo wa ndege kwa sababu aliutaka. Siku nzima alitembea katika Beni, kati ya mafundi baiskeli na wauza samaki wakavu, akiisikia sauti yake ikitoka kwenye kipaza sauti. Alifika mahali akajiona amevaa viatu virefu. Kisha akamwona mtu aliyekaa mbele kabisa kwenye viti, anayelipa, anayepiga makofi, anayeshika mkoba; na mtu huyo akawa Zorobabel, usiku huu na usiku mwingine, na kila neno atakalomwambia itabidi aligeuze upande wa pili alikague, kama mtu anavyokagua noti.

Luc alikuwa amewaona wakizungumza uani. Hakuuliza. Alikaa kwenye kizingiti akikaza nyuzi za gitaa ambazo hazikuwa zimelegea.

Kesho yake Élise alikwenda kwa mzee Phinées, akamkuta katika lupango lake, yaani ua wenye nyumba yake, akapiga magoti kidogo, akasalimu kwa Kinande, "Wavukire, tata," kisha akauliza habari za mahari kwa namna ya kupitisha wakati:

"Baba mudogo, mbuzi za dot zikiingia mu lupango yako, msemaji akasema, ukapokea, moja ikachinjwa na batu bakakula. Inaweza kurudi?"

"Mbuzi yenye imekula majani ya kwangu ni ya kwangu."

"Na mutu akikuja kesho kusema ilikuwa mchezo?"

"Mi siko na salle ya mchezo. Niko na lupango."

"Haujali nani alinunua?"

Mzee Phinées alimtazama vizuri. "Binti yangu, nikianza kuuliza kila mbuzi ilitoka wapi mu hii vita, hakuna mwanamuke wa Beni atakayeolewa. Mi naangalia nani amesimama mbele yangu, nani anamusemea, na kama wewe umetikisa kichwa." Akaegemea mbele. "Utatikisa?"

"Nitatikisa."

Jioni hiyo alimpa Zorobabel jibu lake.

"Nakubali," alisema. "Mais papa Stani anauliza namba ya ndege. Kesho atauliza askari. Lazima tuwape kitu kikubwa. Jumamosi tucheze mchezo wote, mu lupango ya baba mudogo, na bantu ba Beni bote. Na mbuzi za kweli."

"Mbuzi za kweli? Kumi na mbili? Mu hii vita?"

"Ni vifaa vya mchezo tu. Tutaziuza kesho yake."

"Tusichore hata zingine ku carton?"

"Papa Stani alizaliwa mu soko ya mbuzi. Utamuonyesha ya carton?"

Zorobabel aliwaza. Mapenzi humfanyia tapeli kitu kibaya kuliko polisi: humfanya aone mantiki. Kama wanaume wote watakuwa wanakula na kucheza, nani atawaona watu wawili wakielekea Kasindi? Alizunguka vijiji vya karibu na Beni siku mbili, akanunua. Mkoba ulikonda. Stanislas, ambaye sasa mzee Phinées alikuwa amemnyang'anya nafasi ya baba na kumpa ile ya mkaguzi wa familia, alimpigapiga kila mbuzi mgongoni, akamfungua mdomo, akamkataa mmoja aliyekuwa anakohoa.

"Huyu atakufa kabla ya acte ya pili," alisema.

Zorobabel akanunua mwingine. Alinunua pia blanketi la bibi, kitenge cha mama na kofia ya mzee, kwa sababu Élise alisema Wazungu wanapenda utamaduni kamili.

Jumamosi, lupango lilijaa. Kasiksi ilikuwa inapita kwa vikombe, bia ya ndizi iliyoiva kweli kweli, na wazee walikuwa wamevaa makoti. Luc alisimama upande wa wageni akiwa na uso wa mtu anayesindikiza maiti. Alikuwa na hakika ya jambo moja: mchezo ukiisha Élise atakwenda na mwenye mkoba. Ndiyo maana, mzee Phinées alipomuuliza mbele ya watu kama anamtaka binti huyu, Luc alijibu kwa sauti iliyokatika katikati, na wanawake wa Beni wakasema kwamba kijana huyu wa Butembo anajua kuigiza.

Kisha msemaji akasimama.

Haki ni haki: haikupata kusikika hotuba kama ile kati ya Lubero na Oicha. Zorobabel alianza na mababu, akapita kwenye mvua na mihogo, akaingia kwenye heshima ya mwanamke, na alipofika kwenye dhamana, alikuwa amekwisha kujisahau.

"Mi, Zorobabel, mwana wa Kahongya, njo ninasimama kwa huyu kijana! Mbuzi ikigonjwa, uniulize mimi. Binti akilia, uniite mimi. Nyumba ikivuja, mi njo bati! Mbele ya Mungu, mbele ya bantu ba Beni na ba Butembo, kinywa changu ni mkono wangu!"

Watu walisimama. Mama Jokébed alipiga vigelegele hadi kilemba kikaanguka. Mzee Phinées alinyosha mkono, akagusa kichwa cha mbuzi wa kwanza.

"Nimesikia. Nimepokea. Élise?"

Élise alitikisa kichwa, taratibu, ili hata waliokuwa nyuma waone.

Mbuzi mmoja akachinjwa. Wakati nyama inachemka, ndugu wa ukoo wakafanya kama desturi inavyotaka: wajomba wakachukua wao, shangazi wa kweli akachukua wake, na kabla sufuria haijafunikwa wanyama wengi walikuwa barabarani kuelekea pande zote nne za Beni. Zorobabel hakuona. Alikuwa nyuma ya nyumba akifunga kamba za viatu.

Élise alimfuata, bado amevaa kitenge cha harusi.

"Twende," alisema Zorobabel. "Kuna jeep inangojea."

"Kwenda wapi? Mi ni bibi ya mutu."

Zorobabel alicheka. Kisha akaacha. "Élise. Ilikuwa mchezo."

"Kwa nani? Ulisema mbele ya Mungu. Baba mudogo amepokea. Mi nimetikisa kichwa. Bantu banakula. Sema wewe mwenyewe, wapi ilikosekana?"

"Mi nilinunua zile mbuzi!"

"Ndiyo. Na ulisema bien sana."

Hakukuwa na kicheko katika sauti yake. Hata kulikuwa na huruma kidogo, na hilo ndilo lililomuumiza. Zorobabel alikimbilia kwa mzee Phinées, aliyekuwa anang'oa nyama kwenye mfupa.

"Mzee, pardon. Mchezo umeisha. Tunaomba vifaa."

"Vifaa gani?"

"Mbuzi."

Mzee alimkaribisha kwenye benchi. "Ah, msemaji. Nilikuwa nakutafuta. Ule mwenye doa jeupe anachechemea. Ulisema ikigonjwa tukuulize wewe."

Luc alikuwa amesimama pale pale alipoachwa, mikono imening'inia. Élise alimwendea, akamwambia kitu sikioni, mara moja, halafu tena, kwa sababu mara ya kwanza hakusikia.

"Na zile mbuzi ni za nani?" aliuliza Luc, ambaye alikuwa mtu mwaminifu na mtu wa kuchosha.

"Angalia. Benye nazo njo bale banakula pale."

Kweli, wasanii washiriki saba walikuwa wamezunguka sufuria, na Stanislas alikuwa kwenye bakuli la tatu. Luc aliketi chini juu ya majani, akafunika uso kwa mikono miwili, na mabega yake yakatikisika. Wanawake wa Beni wakasema: bado anaigiza.

Zorobabel alibaki na mkoba usio na kitu ila taulo. Jioni ikiwa bado na mwanga, alifanya hesabu ya mtu aliyeishiwa: kwa kuwa kweli ilimharibia mara ya kwanza, huenda mara ya pili ikamwokoa. Akawaita wote saba.

"Sikilizeni. Hakuna ndege. Hakuna festival. Niliwadanganya. Rudini kwenu, na mi niende zangu."

Walitazamana. Mama Jokébed alikuwa wa kwanza kuelewa.

"Anatutupa," alisema.

"Mama, nasema ukweli."

"Amepata batu ba Goma, benye banalipa zaidi. Baliona mchezo wetu ni muzuri, sasa anataka kuuza nafasi zetu."

"Nafasi hakuna!"

"Unasikia? Amekwisha kuziuza," alisema Stanislas. Aliuchukua mkoba kwa upole, akauweka kwapani. "Msemaji, toka leo unalala mu chumba yangu. Mi nalala karibu ya mlango."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kila asubuhi wasanii washiriki walikwenda uwanja wa ndege wa Mavivi, wakaketi juu ya vifurushi vyao kando ya majani, na Zorobabel katikati. Kila ndege ya mizigo iliposhuka, walisimama kwa mstari na kuimba. Wakati wa kungoja walifanya mazoezi, na lazima ikubaliwe kwamba walikuwa wanaboreka.

Juma la pili, Élise na Luc walipita hapo. Lori lililokuwa likiwarudisha Butembo lilikuwa na mzigo wa kuchukua Mavivi kwanza, na Élise alikuwa amewaletea sombe, mboga ya majani ya muhogo, katika sufuria yenye kifuniko. Zorobabel alikuwa amekonda. Alimshika Élise mkono.

"Élise, mama, basemeshe. Wewe banakuamini."

Alimtazama. Kisha akawageukia wale saba, akasema bila kuremba:

"Papa Stani, mama Jokébed, kweli hakuna ndege. Ye aliniambia mwenyewe. Na zile mbuzi, zilinunuliwa na makuta ya michango yenu. Mi nilijua. Nakuja kuwaambia, kwa sababu nitapanga nyumba pale Mususa na tutaonana kila Jumapili."

Stanislas alishika kijiko chake hewani, akiwaza kwa bidii, na kwa dakika moja ilionekana kwamba ukweli utapata pa kuingia. Halafu akatabasamu, tabasamu la baba.

"Binti yangu, umeolewa, unabaki. Inaumaga. Hatukasiriki. Tutakuandikia."

"Tutakutumia viatu," alisema mama Jokébed.

Zorobabel aliweka kichwa katikati ya magoti.

Dereva alipiga honi. Walikuwa wamekwisha kupanda juu ya magunia, Luc akimvutia Élise mkono, wakati mngurumo ulipotoka nyuma ya miti. Ndege nyeupe ilipita chini, haikushuka, ikaendelea upande wa mashariki, juu ya milima, ikawa ndogo. Chini, wale saba walikwisha kusimama na kuanza ubeti wa kwanza.

Élise aliinua uso. Alitazama muda mrefu kuliko mtu anavyotazama ndege. Luc alimwona akitazama. Angeweza kusema neno, angeweza kushika gitaa. Alimshikia sufuria tupu ili mikono yake iwe huru, akangoja amalize.